Multi-efekti inavuma, imenyamaza au inalia kama nyuki kwenye chupa? Tafuta chanzo kabla hujaiuza

Mtu akiniambia multi-efekti yake mbovu, yaani ile pedali moja ya gitaa yenye efekti nyingi ndani, namuuliza kwanza waya unaotoka kwenye pedali ameuchomeka wapi. Mara nyingi sana jibu la swali hilo ndo ugonjwa wenyewe. Pedali ileile, priseti ileile (mpangilio wa sauti uliohifadhiwa), mbele ya amplifaya ya gitaa inatoa sauti moja, kwenye miksa inatoa nyingine kabisa, kwenye hedifoni nyingine tena, na ambaye hajaelezwa hilo atabadilisha pedali tatu na bado atalalamika. Nimeona wapigaji wazuri, vidole vinaongea, wanauza kifaa kizima kwa sababu ya mpangilio mmoja tu uliojificha kwenye menyu, na inaniuma kila nikiona.

Njia yangu ni kuifuata sauti kuanzia kwenye uzi mpaka kwenye spika, kama unavyofuata bomba kutafuta panapovuja. Uzi, pikapu (ile sumaku yenye koili chini ya nyuzi inayoshika sauti), waya, tundu la kuingilia, efekti moja baada ya nyingine, tundu la kutokea, waya tena, amplifaya au miksa. Unabadilisha kitu kimoja, unasikiliza, ndo unaenda kingine. Ukigusa vitatu kwa mpigo na tatizo likaisha hutajua kilichoponya ni kipi, na likirudi siku ya shoo unaanza upya watu wamekaa wanakuangalia.

Imewaka lakini haitoi sauti

Angalia tyuna. Pedali nyingi ukiwasha tyuna zinakata sauti makusudi ili watu wasikusikie unakaza nyuzi, na tyuna yenyewe mara nyingi inawashwa kwa kukanyaga swichi mbili kwa pamoja au kushikilia moja, kitu ambacho mguu unaweza kufanya bila wewe kujua. Skrini ikionyesha herufi ya noti badala ya jina la priseti, jibu umeshapata.

Halafu ile pedali ya kukanyaga mbele na nyuma, ya ekspresheni. Kwenye priseti nyingi imepangiwa kazi ya volyumu, kwa hiyo ikiwa imelala upande wa kisigino sauti ni sifuri. Isukume mbele yote. Gitaa lako likiwa na pikapu za betri, zile zinazotumia betri ya volti 9 ndani ya gitaa, ujue betri inaliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa kwenye gitaa hata kama hupigi, na ikikaribia kuisha sauti inaanza kuchakaa na kupasuka kabla ya kukata kabisa. Ukimaliza kupiga chomoa waya.

Bado kimya? Toa pedali katikati, chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya uleule. Ikilia, badilisha uweke waya wa pili, ule uliokuwa unatoka kwenye pedali. Waya zote mbili zikiwa nzima ndo unarudi kwenye pedali yenyewe. Hili jaribio la dakika mbili limeokoa pedali nyingi kuliko fundi yeyote, maana waya ndo vinakufa kwanza, hasa pale karibu na jeki vinapopindwa kila siku.

Ikitoa sauti lakini nusu, yaani dilei (mwangwi unaojirudia) inayoruka kushoto na kulia unaisikia upande mmoja tu, au sauti imekonda, angalia matundu ya kutokea. Yapo mawili, na moja lina neno MONO pembeni, kwa kawaida la kushoto. Ukitumia waya mmoja, ni hilo tu.

Inajizima yenyewe, inajiwasha upya, skrini inafifia

Hapo ni umeme. Pedali ndogo ya distoshoni (ya kukwaruza sauti) inakula chini ya miliampea 20, ila multi-efekti ni kompyuta ndogo, inakula mamia. Adapta ya Zoom G1 Four kwa mfano ni volti 9 miliampea 500, na ya Line 6 HX Stomp ni volti 9 ampea 3, ona tofauti ilivyo kubwa kati ya mashine mbili ambazo zote zimeandikwa volti 9. Kwa hiyo mtu anachukua adapta ya pedali ndogo, plagi inaingia vizuri, volti ni zilezile, inawaka kabisa, alafu akiwasha rivabu nzito (mwangwi kama wa ukumbi) inazima.

Soma vitu vitatu kwenye adapta: volti ziwe sawa kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi, na kale kamchoro ka plasi na mainasi. Multi-efekti nyingi ndogo zinataka mainasi iwe katikati, wakati adapta nyingi za vifaa vingine vya nyumbani zina plasi katikati. Ukikosea volti kwenda juu au ukigeuza plasi na mainasi unaweza kuiua siku hiyohiyo. Ampea zikizidi hazina madhara, mashine inachukua inachohitaji tu.

Inavuma, inakoroma, inachemka

Watu wanasema "ina noizi" kana kwamba noizi ni moja. Ni tatu tofauti na dawa zake tofauti, kwa hiyo kaa usikilize kwanza, usikimbilie noizi geti, ile efekti inayokata sauti ukiwa hupigi.

Ya kwanza ni mvumo mzito wa chini, mmmmm, unaobadilika ukigeuka na gitaa lako. Huo unaingilia kwenye pikapu. Pikapu za koili moja zinashika mawimbi ya umeme wa nyumba, hezi 50 sehemu nyingi za dunia na 60 kule Marekani, na ndo maana Seth Lover wa Gibson miaka ya 1950 alitengeneza humbucker, koili mbili zinazofutiana mvumo. Fanya hivi: shika gitaa, sauti iko juu, zunguka taratibu kwa miguu yako kama mshale wa saa. Utafika upande ambao mvumo unapungua karibu uishe. Huo ndo upande wako wa kukaa ukirekodi. Kaa mbali pia na transfoma, dima za taa na adapta zilizorundikana sehemu moja.

Ya pili ni mvumo usiobadilika hata ukizunguka, na unakuja pale tu ulipochomeka laptopu kwa USB au ulipounganisha pedali na amplifaya mbili. Hiyo ni mzunguko wa ardhi, vifaa viwili vina njia mbili za kufika ardhini na umeme unazunguka katikati. Chomoa chaja ya laptopu, iache kwenye betri. Mvumo ukikata hapohapo umeshajua. Chomeka kila kitu kwenye soketi moja ya ukutani, na kama pedali inakubali betri, tumia betri wakati wa kurekodi. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya ili kuua mvumo, kamwe, pini ile ipo kukulinda usipigwe shoti ukishika nyuzi huku mdomo uko kwenye maikrofoni. Na kama umeshawahi kusikia mdomo unawashwa ukigusa maikrofoni, acha kupiga, tafuta fundi umeme.

Kuna kipimo kidogo hapa cha mkono. Mlio ukipungua unapogusa nyuzi, hiyo ni kawaida, mwili wako ulikuwa unafanya kazi ya antena na nyuzi zimeushusha ardhini. Mlio ukiongezeka unapogusa, waya wa ardhi ndani ya gitaa umekatika au umeunganishwa vibaya, peleka likafunguliwe.

Ya tatu ni mchemko, shhhhh, kama mvua juu ya bati. Huo ni gaini, yaani kiasi unachoipandisha sauti inapoingia. Kompresa (inayosawazisha sauti ndogo na kubwa) imewashwa, ovadraivu (distoshoni laini) mbele yake, alafu amplifaya ya kidijitali, ile ya kuigiza ndani ya pedali, yenye gaini kubwa nayo ipo, kila mmoja anapandisha kelele ya mwenzake. Punguza gaini kwanza, zima kompresa, ndo uweke noizi geti mwanzoni mwa mnyororo. Ipandishe mpaka mchemko ukate ukiwa umenyamaza, alafu ishushe kidogo. Ukisikia noti ndefu inakatwa shingo kabla haijaisha, umeipandisha mno.

Inalia kama nyuki kwenye chupa

Haya, hili ndo kubwa, na ndo sababu ya swali langu la kwanza. Distoshoni kali, ina mikwaruzo ya juu, inachoma masikio, haina mwili, ukipunguza trebo inakuwa tope.

Spika ya gitaa si spika ya kawaida. Celestion Vintage 30, ambayo iko kwenye kabineti (maboksi ya spika) nyingi sana, imeandikwa inafanya kazi hezi 70 mpaka 5000. Juu ya hapo inashuka haraka. Spika za PA (za ukumbini), monita za studio na hedifoni zinafika karibu na hezi 20,000. Distoshoni inatengeneza mikwaruzo mingi sana juu ya hezi 5000, na miaka yote ilikuwa inachujwa na spika ya gitaa bila mtu kuambiwa. Ukiipeleka ikiwa mbichi kwenye PA, nyuki wote wanatoka.

Kazi ya kuchuja kwenye multi-efekti inafanywa na kabineti ya kidijitali, yaani efekti inayoiga spika ya gitaa. Kwa hiyo ukienda kwenye miksa, hedifoni au kompyuta, kabineti iwe imewashwa. Ukienda kwenye amplifaya halisi ya gitaa, izime, la sivyo unapitisha sauti kwenye spika mbili, ya bandia na ya kweli, na matokeo yake ni sauti ya mtu anaongea amejifunika blanketi. Pedali nyingi zina menyu ya jumla ya kuchagua unapotokea, tafuta neno OUTPUT, chagua amplifaya au laini, na inabadilisha priseti zote kwa mara moja.

Amplifaya ya kidijitali nayo ina mambo yake. Ukichomeka mbele ya amplifaya halisi tayari una priampu moja pale, yaani sehemu inayopandisha na kuunda sauti kabla ya kufika kwenye nguvu, na ukiwasha ya kidijitali unakuwa na mbili, moja juu ya nyingine. Ama uzime ya kidijitali utumie efekti tu, ama utokee kwenye tundu la RETURN nyuma ya amplifaya, ambalo linaruka priampu yake na kwenda moja kwa moja kwenye nguvu na spika. Mimi napenda hii ya pili kuliko zote. Mara ya kwanza nilipochomeka kwenye RETURN, pedali ambayo nilikuwa nimeichoka ikaanza kupumua, noti za chini zikajitenga na za juu, na sikuwa nimebadilisha nobu hata moja.

Tahadhari moja ambayo siifanyii mzaha: tundu la SPEAKER la amplifaya halichomekwi kwenye pedali, kwa waya wowote, kwa sababu yoyote. Lile linabeba nguvu ya kusukuma spika na litaiunguza pedali. Na amplifaya ya mirija isiwashwe bila spika yake kwa kudhani utasikiliza kwenye hedifoni za pedali, transfoma yake inaweza kuungua.

Chumbani tamu, kwenye bendi haisikiki

Ulikaa usiku na hedifoni, ukatengeneza sauti pana, besi nyingi, katikati umechimba (umepunguza), trebo inang'aa, rivabu kama pango. Siku ya mazoezi ngoma na besi vikaingia ukapotea. Unaongeza sauti, unasikia makelele, noti husikii.

Sikio linasikia besi na trebo hafifu sauti ikiwa ya chini, Fletcher na Munson walilipima hili mwaka 1933. Ukiwa chumbani na sauti ya chini unaongeza besi na trebo kufidia, alafu ukienda kwa sauti kubwa sikio linazirudisha zenyewe, zinakuwa mara mbili. Na ule ukanda wa katikati uliouchimba ndo nyumba ya gitaa kwenye bendi. Chini kuna besi na ngoma kubwa, juu kuna matoazi. Uzi wa sita ukiwa wazi uko kama hezi 82, kwa hiyo kila kilicho chini ya 80 kwenye gitaa lako ni mtetemo tu unaogombana na mpiga besi, kikate. Juu kata kuanzia 6000 au 7000. Alafu pandisha kidogo kati ya 600 na 1500. Ukiwa peke yako itasikika kama gitaa linaongelea puani na utatamani kuirudisha, usiirudishe, subiri ngoma ziingie.

Gaini pia. Punguza mpaka uone aibu kidogo, kwenye sauti kubwa inatosha. Rivabu punguza nusu, ukumbi una rivabu yake tayari. Dilei ifuate mwendo wa wimbo: gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika moja, unapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 ni milisekunde 500, na ukitaka ile dilei inayorukaruka katikati ya mapigo zidisha kwa 0.75 upate 375. Dilei isiyokaa kwenye mwendo inafanya watu wadhani wewe ndo unayumba.

Priseti moja inapiga kelele, nyingine inanong'ona

Zisawazishe kwa sauti ya shoo, na gitaa lilelile utakalopigia. Tumia nobu ya LEVEL ya priseti, usitumie gaini, maana gaini inabadilisha tabia ya sauti na si ukubwa wake tu. Anza na ile safi, kwa sababu sauti safi ndo ina vilele virefu na ndo itakayowasha taa nyekundu kwa fundi mitambo. Zilinganishe zote na hiyo. Solo iongeze desibeli 3 mpaka 6 kwa busta (efekti ya kuongeza sauti) iliyokaa baada ya distoshoni, ikikaa kabla inaongeza mkwaruzo tu na ukubwa unabaki palepale.

Sauti inapasuka vibaya hata kwenye priseti safi

Kupasuka kwa kidijitali hakuna utamu, ni kama karatasi inachanwa. Punguza volyumu ya gitaa. Ikiisha, unaizidi pedali kwenye kuingilia, shusha pikapu kidogo au tafuta mpangilio wa INPUT kwenye menyu. Isipoisha, punguza nobu kuu ya kutokea, ikiisha hapo basi ni miksa au amplifaya inayozidiwa. Bado? Kuna efekti moja katikati imepandishwa mno, zizime moja moja, na mara nyingi mkosaji ni ikwalaiza iliyoongezwa kila mahali.

Kidole kinapiga, sauti inakuja baadaye

Pedali yenyewe inachelewesha milisekunde chache sana, na sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kusimama mita 3 kutoka kwa spika tayari ni milisekunde 9 na hujawahi kulalamika. Ukisikia kuchelewa kwa wazi, angalia kama unatumia hedifoni za Bluetooth, hizo mara nyingi zinapita milisekunde 100 na hazifai kupigia kabisa. Kwenye kompyuta, ukisikia sauti mbili zimefuatana au zimekonda kama ziko ndani ya mfereji, unajisikia mara mbili, moja kutoka kwenye pedali na moja imezunguka kwenye programu. Zima moja, uache ya pedali. Na kompyuta isipoiona pedali kabisa jaribu waya mwingine wa USB, zipo waya za kuchajia tu ambazo ndani hazina nyaya za data.

Vya mguuni

Wa-wa, ile pedali inayofanya gitaa liseme "wa-wa", haiwaki? Nyingi zina swichi chini ya kidole gumba cha mguu, inataka kukandamizwa kwa uzito wa mwili mpaka ibofye. Inawaka lakini haifiki mwisho, fanya kalibresheni kwenye menyu. Sauti ikikatika sekunde moja ukibadilisha priseti hiyo ni mashine inapakia upya, wala si ubovu, weka efekti zote za wimbo ndani ya priseti moja uziwashe na kuzima mojamoja.

Ukienda kununua

Yote hapo juu yanakuambia cha kutazama. Sijali sana idadi ya efekti, mashine yenye efekti 200 utatumia 8. Natazama swichi za mguu ni ngapi, maana mbili zinatosha chumbani na zinakutesa jukwaani, nyimbo zinazobadilika haraka zinataka nne kwenda juu. Natazama kama kabineti inaweza kuzimwa kwa menyu ya jumla. Ukiwa na amplifaya unayoipenda tafuta yenye matundu yake ya SEND na RETURN, hapo unaweza kuweka ovadraivu mbele ya priampu na dilei nyuma yake kwa waya nne. Kama hupendi menyu, na wapo wengi tu, chukua yenye nobu nyingi hata kama efekti ni chache, utaitumia zaidi.

Iliyokwishatumika, nenda na gitaa lako na waya zako. Kanyaga kila swichi mara kumi. Tikisa jeki zikiwa zimechomekwa usikilize kama kuna mkwaruzo. Sukuma ekspresheni taratibu, namba kwenye skrini zipande bila kuruka. Uliza adapta yake mwenyewe iko wapi. Alafu mwombe muuzaji airudishe kwenye mipangilio ya kiwandani mbele yako, ili usirithi vurugu za mtu mwingine.

Jana ilikuwa nzuri leo siyo

Hukuhifadhi. Kwenye pedali nyingi ukizungusha nobu unabadilisha priseti kwa muda tu, ukihama na kurudi imeshapotea, kwa hiyo ukipata sauti nzuri bonyeza STORE au WRITE papo hapo. Ukiwa na kompyuta hamisha nakala ya priseti zote, hasa kabla ya kusasisha programu ya ndani. Wakati wa kusasisha usitumie betri zilizochoka, na usiguse waya mpaka skrini yenyewe iseme imemaliza.